Kompyuta Inayokumbuka Deni Ikumbuke na Kipimo

Katika hospitali zetu nyingi za serikali siku hizi, mgonjwa hupokelewa na kompyuta kabla hajaonana na daktari. Ipo kwenye dirisha la mapokezi, ipo kwa mhasibu, ipo maabara, ipo famasi. Ukitaja jina na namba ya jalada, kioo kinaeleza yote kuhusu mfuko wako: umelipia kumwona daktari, hujalipia kipimo cha mkojo, kadi yako ya bima imekwisha muda. Ukijaribu kupenya hadi maabara, kijana wa pale anatazama kioo, anatikisa kichwa na kukwambia kwa upole, "Mama, malipo yako hayajasoma, rudi kwanza dirishani." Na mama anarudi.

Kila ninapokaa kwenye benchi za wagonjwa wa nje (OPD) nikisubiri zamu, swali moja hunijia. Mashine inayokumbuka shilingi elfu tano za mgonjwa tangu mwaka juzi, inashindwaje kukumbuka kwamba mgonjwa huyo huyo amekuja mara ya tatu kwa homa isiyoeleweka, na hakuna hata siku moja aliyoulizwa kama amewahi kupima VVU? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la mali tumelifungua, na makusanyo ya hospitali yamepanda. Je, la uhai tutalifungua lini?

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Mifumo ya kompyuta iliyomo katika vyumba vya madaktari iwekewe kikumbusho kimoja, kifupi, kinachomweleza tabibu kwamba mtu aliye mbele yake hana jibu la VVU la karibuni, ili amuulize na kumpa nafasi ya kupima. Kikumbusho hicho kionwe na tabibu peke yake. Kimwachie mgonjwa uhuru wa kukubali au kukataa. Na kisiwekwe mahali ambapo hakuna vitendanishi wala mnasihi, kwa sababu kuuliza bila uwezo wa kupima ni kumsumbua mtu bure.

Pengo liko kwenye hatua ya kwanza

Nchini Tanzania UKIMWI tunao tangu mwaka 1983, wagonjwa wa kwanza walipotambuliwa mkoani Kagera. Tumetoka mbali. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulionyesha kwamba watu 4.4 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 na kuendelea wanaishi na VVU, yaani watu wapatao milioni 1.5. Kati yao, asilimia 82.7 walikuwa wanajua hali zao. Waliojua, asilimia 97.9 walikuwa wanatumia dawa. Na waliotumia dawa, asilimia 94.3 walikuwa wamefubaza virusi.

Zitazame tarakimu hizo kwa utulivu. Mtu akishajua, anaanza dawa. Akishaanza dawa, dawa zinafanya kazi. Wahudumu wetu wa vituo vya tiba na matunzo (CTC), pamoja na wenzetu wanaoishi na VVU wanaowafuatilia wagonjwa mitaani, wamefanya kazi ambayo taifa lina haki ya kujivunia. Mahali tunapovuja ni mlangoni. Zaidi ya watu wazima 250,000 walikuwa wanaishi na virusi bila kujua. Watu hao hawakujificha porini. Wanaumwa malaria kama sisi, wanavunjika miguu kwa bodaboda, wanapeleka watoto kliniki, wanang'olewa meno. Wengi wao walipita mbele ya mtu mwenye koti jeupe, wakatoka na vidonge vya homa mkononi, na lile swali halikuulizwa.

Mtu atasema tunazo kampeni. Ni kweli, na ziliokoa maisha. Julai 2007 Rais Jakaya Kikwete na Mama Salma walipima hadharani jijini Dar es Salaam, na mamilioni wakafuata. Mwaka 2018 ikaja Furaha Yangu, iliyowalenga hasa wanaume, kwa sababu wanaume ndio wanaochelewa kupima. Lakini kampeni ina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Turubai hukunjwa, muziki huzimwa, magari hurudi mjini. Chumba cha daktari kinafunguliwa kila siku.

Tulipoweka safu, tulipima

Wanaodhani kikumbusho ni jambo geni, waende kliniki ya wajawazito. Kadi ya mama ina sehemu maalumu ya majibu ya VVU. Muuguzi anapoishika kadi na kuona nafasi hiyo iko wazi, hahitaji semina wala barua ya katibu mkuu. Nafasi tupu inamuuliza yeye, naye anamuuliza mama. Ndiyo maana mjamzito wa Tanzania kupimwa VVU kumekuwa jambo la kawaida kama kupimwa wingi wa damu.

Nenda pia kwenye kitengo cha kifua kikuu. Rejesta ya wagonjwa wa TB ina safu ya VVU, na karibu kila mgonjwa wa TB nchini anapimwa. Hakuna anayesema wagonjwa wa TB wanadhalilishwa. Wote wanaulizwa, na kwa kuwa wote wanaulizwa, hakuna anayejiona amenyooshewa kidole.

Sasa rudi OPD, kwenye kile kitabu kikubwa cha kumbukumbu za wagonjwa, MTUHA namba 5, au kwenye kioo kilichochukua nafasi yake. Mwanamume wa miaka 42 anaingia. Ana mkanda wa jeshi mgongoni, kilo zimepungua, mdomoni kuna utando mweupe. Dalili hizo kila tabibu alifundishwa chuoni. Lakini foleni nje ina watu sitini, na mbele yake hakuna safu inayomdai jibu. Anaandika ugonjwa, anaandika dawa, anaita mwingine. Miezi minane baadaye mwanamume yule analetwa kwa machela, ana homa ya uti wa mgongo inayotokana na fangasi, na kitanda anacholazwa kinagharimu mara nyingi zaidi ya kipimo ambacho angepewa bure.

Mwongozo haujakosekana. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2007 maelekezo kwamba mtoa huduma ndiye aanzishe mazungumzo ya kupima, asimsubiri mgonjwa aombe, na Tanzania ikaupokea utaratibu huo. Ni karibu miaka 20 sasa. Kanuni ipo kabatini. Kinachokosekana ni kitu cha kumgusa tabibu bega saa tano asubuhi, mgonjwa akiwa ameketi mbele yake.

Daktari naye ana haya

Tuseme pia ukweli ambao hausemwi sana kwenye mikutano. Mara nyingi tabibu anakumbuka vizuri kabisa, ila anaona haya.

Fikiria daktari wa miaka 27, ametoka chuoni juzi, amepangiwa hospitali ya wilaya. Anaingia mzee wa miaka 63, kanzu safi, bakora mkononi. Kijana anainuka kidogo kitini. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu." Mzee anaeleza kikohozi na homa za usiku. Kijana anajua anachopaswa kuuliza. Lakini atamuulizaje mtu mwenye umri wa babu yake kuhusu ugonjwa ambao mitaani bado watu wanaunasibisha na uzinzi? Anaogopa mzee ataondoka amekasirika, kesho msikitini yawe maneno. Basi anaandika dawa ya kikohozi, anamtakia afya njema.

Hapo ndipo kikumbusho kinapofanya kazi ambayo semina haiwezi. Kinamwondolea kijana mzigo wa kuonekana amemshuku mtu. Anaweza kusema, kwa adabu zote, "Mzee wangu, mfumo wetu unatutaka tumuulize kila asiye na jibu la karibuni, mkubwa kwa mdogo. Je, umewahi kupima VVU? Ungependa tupime leo pamoja na hiyo malaria?" Swali likiwa la kila mtu linapoteza sumu yake. Mzee naye anaweza kukubali bila kujieleza, kwa sababu hakuchaguliwa yeye. Na VVU haviulizi umri, wala haviulizi nani amehiji na nani bado.

Mbona kipimo cha malaria tumekizoea? Ukija na homa unatobolewa kidole, unasubiri kidogo, unapewa jibu. Kipimo cha VVU nacho huanza na tone la damu ya kidole na majibu yake hupatikana ndani ya nusu saa hivi. Kikionyesha virusi, damu hupimwa tena kwa kipimo cha aina nyingine kabla ya mtu kuambiwa neno. Tofauti kubwa ya vipimo hivi viwili imo vichwani mwetu, na kitu cha vichwani huondoka kwa mazoea.

Eldoret walikwishajaribu

Jambo hili lina ushahidi, na ushahidi mzuri uko jirani tu. Mjini Eldoret, Kenya, watafiti wa mpango wa AMPATH, wanaofanya kazi na Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, walitengeneza vikumbusho vya kompyuta kwa ajili ya wagonjwa wanaohudumiwa kwa VVU. Madaktari wao walikuwa bado wanatumia makaratasi. Basi kompyuta ilipitia kumbukumbu za mgonjwa, ikachapisha muhtasari wa karatasi ukiwa na mstari unaosema kipimo fulani kimepitiliza muda wake, na karatasi ikawekwa ndani ya jalada kabla mgonjwa hajaingia.

Kwa watu wazima waliopaswa kupimwa kiwango cha kinga ya mwili (CD4), kliniki iliyokuwa na vikumbusho iliagiza kipimo kwa asilimia 53 ya waliostahili, na ile isiyokuwa navyo kwa asilimia 38. Kwa watoto waliozaliwa na mama wenye VVU au wanaoishi na virusi wenyewe, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalikuwa makubwa zaidi: kazi zilizokuwa zimechelewa zilikamilishwa kwa asilimia 68 kwa waliowekewa vikumbusho, dhidi ya asilimia 18 kwa wasiowekewa. Kliniki ni ile ile. Kilichoongezeka ni mstari wa maneno kwenye karatasi.

Kenya hiyo hiyo ilijaribu mfumo mwingine wa kufuatilia watoto wachanga, uliowatumia wahudumu tahadhari kila sampuli ya damu ya mtoto inapochelewa, na kuwatumia kina mama ujumbe wa simu. Asilimia 85 ya watoto walikamilisha huduma zote za utambuzi wa mapema, dhidi ya asilimia 60 katika hospitali za kawaida. Mtoto mwenye virusi asipoanzishiwa dawa mapema, anaweza kufariki kabla hajatimiza miaka miwili. Kwa hiyo tofauti ya asilimia hizo ni watoto wanaotembea leo.

Nchini Marekani, hospitali za wanajeshi wastaafu ziliweka kikumbusho cha kupima VVU kwenye kompyuta za madaktari, kwa ajili ya wagonjwa wenye dalili za kuwa hatarini. Katika kituo kimoja upimaji ulipanda kutoka asilimia 4.8 hadi 10.8, na katika kingine kutoka 5.5 hadi 12.8. Uliongezeka maradufu. Lakini tusizisome tarakimu hizo kwa ushabiki. Hata baada ya ongezeko hilo, karibu wagonjwa tisa katika kila kumi waliostahili hawakupimwa. Tena kikumbusho hakikwenda peke yake. Kilifuatana na mafunzo, na madaktari walipewa mrejesho wa kazi yao. Fundisho ni kwamba kompyuta inafungua mlango, ila mtu ndiye anayeingia.

Uingereza wamekwenda mbele zaidi. Tangu Aprili 2022, katika vitengo vya dharura vya maeneo yenye maambukizi mengi, London ikiwamo, mtu anayetolewa damu kwa sababu yoyote hupimwa na VVU pia, isipokuwa akikataa, na hospitali kadhaa zimeiachia kompyuta iongeze kipimo yenyewe. Hapa kwetu nisingependa tufike huko kwa sasa. Sheria yetu ya UKIMWI ya mwaka 2008 imejengwa juu ya ridhaa na ushauri nasaha, na marekebisho ya mwaka 2019, yaliyoruhusu mtu kujipima mwenyewe na kijana wa miaka 15 kupima bila kumsubiri mzazi, hayakuugusa msingi huo. Katika jamii ambayo mtu anaweza kufukuzwa nyumbani kwa sababu ya jibu, ridhaa lazima itamkwe kwa mdomo.

Kioo kisimseme mtu

Hofu kubwa ya wananchi ni siri, na ni hofu ya haki. Vyumba vyetu vingi vina madaktari wawili wanaohudumia wagonjwa wawili kwa wakati mmoja, wametenganishwa na meza. Kioo cha kompyuta mara nyingi kimegeukia mlangoni. Neno la siri la kuingilia kwenye mfumo limeandikwa kwenye karatasi na kubandikwa ukutani ili kila aliye zamu alitumie. Katika mazingira hayo, maneno makubwa mekundu yenye herufi za VVU yakichomoza katikati ya kioo, aliyekaa benchi la nyuma atasoma, na jioni mtaa mzima utajua.

Kwa hiyo kikumbusho kiwe na adabu. Kisionekane mapokezi wala kwa mhasibu. Kisichapwe kwenye risiti. Kisitumwe kwa ujumbe wa simu unaotaja ugonjwa, maana katika nyumba nyingi simu ni ya mama lakini anayeisoma ni baba. Risiti yenye neno moja tu inaweza kuvunja ndoa, na mwanamke ndiye atakayerudishwa kwao na nguo zake kwenye mfuko wa rambo, hata kama virusi vililetwa na mwenzake.

Maneno yenyewe yawe ya kawaida, kwa mfano: "Mteja huyu hana jibu la kipimo katika kumbukumbu za karibuni. Zungumza naye." Chini yake pawe na vitufe vinne. Amekubali. Amekataa kwa leo. Anajua hali yake. Hakuna vitendanishi. Kitufe cha tatu ni muhimu sana, kwa sababu anayetumia dawa ana kumbukumbu zake CTC, na hapaswi kulazimishwa kuzianika OPD kila anapoumwa jino. Akisema anajua, inatosha, na mfumo umwache kwa amani.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imetupa meno ya kisheria. Taarifa za afya si za kila mwenye funguo za ofisi. Mfumo uandike nani alifungua jalada la nani na saa ngapi, na anayepekua jalada la jirani yake kwa umbea aadhibiwe. Tusipolinda siri, watu watakwepa hospitali, na hapo tutakuwa tumeiharibu dawa yetu wenyewe.

Kikumbusho kikizidi, kinapuuzwa

Kengele inayolia kutwa nzima, mwisho hakuna anayeisikia. Tafiti za nchi zilizotangulia kwenye kompyuta za hospitali zimeonyesha kwamba madaktari hupuuza karibu nusu ya tahadhari za dawa wanazoletewa na mashine, na mahali pengine hupuuza zaidi ya tisa katika kumi. Wanabonyeza "sawa" bila kusoma. Uchovu huo utatufikia na sisi tukiachia kila mradi na kila mfadhili aweke kidirisha chake: cha VVU, cha TB, cha shinikizo la damu, cha kisukari, cha homa ya ini.

Dawa yake ni kuwa na kiasi. Kisichomoze kwa aliyepima miezi michache iliyopita. Kisichomoze kwa mgonjwa wa dharura anayetoka damu. Kichomoze kwa mtu mzima asiye na jibu lolote kwenye kumbukumbu, kwa mwenye magonjwa ya zinaa, kwa anayekohoa wiki mbili, kwa aliyerudi na homa ile ile, kwa aliyepungua uzito bila sababu. Vitendanishi havishuki kama mvua. Kuwapima tena na tena watu wale wale wasio hatarini, huku baba mwenye mkanda wa jeshi akipita bila kuulizwa, ni matumizi mabaya ya mali ya umma.

Na kisimzuie mtu kupata huduma. Mfumo wa malipo hukataa kusonga mbele hadi fedha iingie. Huu usifanye hivyo kamwe. Aliyekataa kupima apewe dawa yake ya jino, aagwe vizuri, aambiwe mlango uko wazi siku nyingine.

Kidirisha bila vitendanishi ni kelele

Kitufe cha nne nimekiweka kwa makusudi, maana hata kituo chenye vitendanishi huweza kuishiwa. "Hakuna vitendanishi." Tabibu akikibonyeza mara kumi kwa siku, taarifa hiyo ifike kwa mfamasia wa wilaya na kwa mganga mkuu wa halmashauri siku hiyo hiyo, isisubiri ripoti ya robo mwaka. Kikumbusho kwa tabibu kiwe pia kikumbusho kwa wakubwa wake. Si haki kumdai mhudumu wa chini jibu kila dakika, huku anayepaswa kumletea vifaa hadaiwi chochote.

Wakati nao umebadilika. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, ikiwamo ile iliyokuwa ikibeba sehemu kubwa ya huduma za VVU katika nchi zetu kupitia mpango wa PEPFAR ulioanza mwaka 2003. Wanasihi, makarani wa takwimu na wafuatiliaji wengi waliokuwa wakilipwa na miradi walipoteza kazi. Hao ndio waliokuwa wakisimama kwenye korido za OPD wakiwauliza watu kama wamepima. Nani atauliza sasa? Itabidi aulize tabibu wa kawaida, mwajiriwa wa serikali, ambaye tayari amezidiwa. Ndiyo maana nasema apewe msaada wa bei nafuu kabisa unaoweza kupatikana. Mistari michache ya programu kwenye mfumo ambao serikali imeshaulipia, kama ule wa GoT-HoMIS uliomo katika hospitali nyingi za umma, haiwezi kuwa ghali kuliko magari na mahema ya kampeni.

Na pale ambapo umeme unakatika, mtandao unalala, au zahanati haina kompyuta kabisa? Tukumbuke Eldoret. Walitumia karatasi ndani ya jalada. Muhuri wa wino kwenye daftari la mgonjwa wenye nafasi ya kuandika tarehe ya kipimo cha mwisho unafanya kazi ile ile. Kijiji kisisubiri mkongo wa taifa ndipo kipate kuulizwa swali.

Nyumba zinapoteza nini

Wapo watakaosema haya ni mambo ya wataalamu, mwananchi yanamhusu nini? Yanamhusu mfukoni na jikoni kwake.

Baba akigundulika mapema, anameza kidonge kimoja kwa siku na kuendelea na kazi yake. Anaendesha daladala, analima, analipa ada. Virusi vikifubazwa hadi visionekane kwenye kipimo, hamwambukizi mkewe kwa njia ya ngono. Mama anayejua hali yake anaweza kumzaa na kumnyonyesha mtoto asiye na virusi, akifuata dawa na kliniki.

Baba huyo huyo akichelewa, hadithi inageuka. Kwanza zinauzwa mbuzi kwa ajili ya nauli na vipimo vya kuzungukazunguka, huku kila hospitali ikitibu tawi na kuuacha mzizi. Kisha binti mkubwa anaachishwa shule amuuguze. Kisha mke anapima akiwa na ujauzito, naye anakutwa navyo, na lawama zote zinamshukia yeye kwa sababu alipima wa kwanza. Ni wanawake wangapi wameitwa wameleta ugonjwa nyumbani kwa kosa la kupimwa kliniki kabla ya waume zao? OPD ikimuuliza mwanamume kama kliniki inavyomuuliza mwanamke, mzigo wa kujua utagawanyika sawa.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hiyo tumeitumia miaka mingi kumkaripia mgonjwa. Leo naomba tuielekeze kwenye mfumo wa afya, maana nao unaficha maradhi kila unaponyamaza mbele ya mtu mwenye dalili.

Kazi ianze

Wizara ya Afya iketi na wataalamu wake wa TEHAMA, ianze na hospitali chache katika mikoa yenye maambukizi makubwa kama Njombe na Iringa, ilinganishe na zisizo na kikumbusho, na itangaze matokeo hadharani hata yakiwa mabaya. Watu wanaoishi na VVU waitwe tangu siku ya kwanza, wasome kila neno litakaloonekana kwenye kioo, kwa sababu wao ndio wanaojua neno lipi linauma. Wabunge, mnapopitisha bajeti ya afya, ulizeni vitendanishi vimetengewa kiasi gani cha fedha zetu wenyewe. Waganga wakuu wa wilaya, geuzeni vioo vya kompyuta vitazame ukuta, na kila mhudumu awe na neno lake la siri. Hilo la mwisho halihitaji bajeti wala kibali cha Dodoma, linaweza kufanyika Jumatatu.

Na wewe msomaji, usisubiri mashine ikusemee. Ukienda hospitali wiki ijayo kwa jambo lolote, muulize daktari: "Naweza kupima na VVU leo?" Katika vituo vya umma kipimo hicho hakilipiwi. Kadiri tunavyouliza wengi, ndivyo daktari kijana atakavyozoea kulisikia swali hilo, na ndivyo atakavyoweza kumuuliza mwingine ambaye hathubutu kuanza mwenyewe.